Chipukizi la Mwijage

Ma Alistidia anasema alimwona kwa macho yake mawili. Anasema alikuwa anarudi kutoka misa ya kwanza, rozari bado iko mkononi, akapita njia ya mkato inayoshuka nyuma ya nyumba za kupanga hapa Buhembe, na pale mpakani mwa kibanja chake cha migomba akamkuta binti wa Ta Apolinary ameinama, jembe mkononi, gauni amelikunja kiunoni. Mtoto akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akapiga jembe mara tatu, si zaidi, kama mtu aliyeonyeshwa mahali pa kupiga. Akaling'oa chipukizi la mgomba, akaliweka begani, akaenda zake. Hakukimbia. Hilo ndilo linalomkera Ma Alistidia kuliko yote.

"Mwizi anakimbia," anawaambia wanawake kwenye bomba la maji. "Yule alitembea. Alitumwa."

Ukimwuliza kwa nini hakuita, anasema sauti ilimkauka. Na wale waliokaa naye benchi moja siku hiyo, misa ya pili, wanainamia ndoo zao na kunyamaza, maana Ma Alistidia ni mtu mzima, tena mjane, na kibanja chake ndicho kinachowapa wapangaji wote majani ya kufunikia vyungu.

Benadetha alikwenda pale kweli, Jumapili asubuhi. Alipiga hodi mara tatu. Alitazama kulia na kushoto akitafuta mtu wa kumwomba. Kesho yake kila mwanafunzi wa darasa la saba alitakiwa afike shuleni na chipukizi moja kutoka nyumbani kwao, kwa ajili ya shamba jipya la shule, na nyumbani kwao Benadetha palikuwa chumba kimoja chenye sakafu ya saruji, baraza, na kamba ya kuanikia nguo. Rafiki yake Mwamvita alikuwa ameshaletewa lake na babu yake kutoka Kagondo. Yeye alikuwa amemwuliza baba yake.

"Chipukizi haliuzwi," Apolinary alimjibu akipiga pasi shati lake la kaki la utarishi. "Kwetu chipukizi mtu hanyimwi. Nenda kwa jirani yeyote."

Hakumaliza maneno. Kwao Muleba, alikokulia, hakuna mtoto anayehitaji kumaliziwa. Kila mtoto kule anajua kwamba hunyimwi, lakini mwenye kibanja ndiye anayekuchagulia, na mkono wake ndio unaochimba. Benadetha alizaliwa mjini, mwezi uleule wa Uhuru. Aliyajua majina ya mito mikubwa ya Afrika, aliijua njia ya kwenda soko kuu na mwenye duka asiyepunja sukari. Hilo hakulijua.

Jumanne jioni Ma Alistidia alikuja hadi barazani. Klaudia, mama yake Benadetha, alikuwa anamenya ndizi. Akainuka, akatandika mkeka.

"Karibu ukae, waitu."

"Sikuja kukaa."

Klaudia akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akakinyoosha kwa mikono miwili. Ma Alistidia akakitazama kikapu, kisha akautazama ukuta. Huku kwetu mtu akikataa kahawa yako, ameshasema. Klaudia akabaki amekinyoosha vilevile, mikono ikianza kumwuma, asijue kama akirudishe ndani au akiweke chini. Wapangaji wawili waliokuwa wanafua wakaacha kufua.

"Lile chipukizi mlilolichukua ni la Mwijage," alisema Ma Alistidia. "Mjukuu wangu. Hajamaliza miezi miwili. Kondo lake nililizika mimi mwenyewe nyuma ya jiko, pale mpakani, nikapanda nshakala, mgomba wa ndizi za kupika, juu yake wakue pamoja. Tangu Jumapili mtoto halali. Akinyonya anatapika."

"Pole sana, waitu. Mtoto hakujua."

"Mtoto hakujua, hilo nakubali. Aliyemtuma anajua."

"Nani amemtuma, Ma Alistidia?"

"Mimi sijataja mtu. Nasema tu kwamba mwenye mtoto mmoja anajua utamu wa mtoto, na anajua njaa yake."

Klaudia alikuwa amezaa mara moja. Baada ya Benadetha alikunywa dawa za hospitali, akanywa za mizizi, akafunga novena, akaacha. Hakuna jirani aliyewahi kumwambia kitu mbele ya macho yake. Sasa mmoja wa wale waliokuwa wanafua akakohoa, akainamia beseni lake.

"Lirudi kabla ya Ijumaa," alisema Ma Alistidia. "Lilelile, msiniletee jingine. Ijumaa ikifika mkono mtupu, nakwenda kwa balozi wa nyumba kumi, na nikitoka kwa balozi nakwenda kwa mwalimu mkuu. Nasikia siku hizi huko shuleni wanaandika hata tabia."

Alisikia vizuri. Mwaka ule agizo lilikuwa limetoka kwamba mtihani peke yake hautoshi. Kwenda sekondari kulitaka pia kazi ya mikono na tabia, na mwalimu mkuu ndiye aliyejaza fomu. Fomu za darasa la saba zilikuwa mezani kwake wiki hiyohiyo. Benadetha alikuwa wa pili katika wanafunzi arobaini na mmoja.

Apolinary aliporudi kazini alimwita binti yake, akamwonyesha kigoda. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimfanya aonekane amechoka hata asubuhi.

"Ulipiga hodi?"

"Mara tatu, baba."

"Na kwa nini ukachukua lile? Kibanja kizima kile, machipukizi yamejaa."

Benadetha akafikiri. "Yale mengine yalikuwa pamoja na mama zao," alisema. "Yameshikana. Lile lilikuwa peke yake. Nikadhani halina mtu."

Apolinary akageuza uso. Angekuwa amesikia neno hilo Muleba, kwenye pombe ya lubisi, angecheka mpaka machozi. Mtoto wa Kihaya anaogopa kulitenga chipukizi na mama yake.

"Nitakwenda Muleba kesho," alisema, "nimletee Ma Alistidia nshakala kutoka kwa kaka yangu. Mawili. Matatu."

"Amesema lilelile," Klaudia alijibu kutoka kwenye mafiga. "Na wewe kesho una barua za kupeleka."

Walikula. Baadaye Benadetha alimfuata mama yake kwenye mafiga, akachuchumaa kando.

"Mama, na la kwangu liko wapi?"

"La kwako nini?"

"Kondo."

Klaudia akakoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu cha kukoroga zaidi ya maji ya kuoshea vyombo.

"Ulizaliwa hospitali. Nesi aliliweka kwenye ndoo akatoka nalo."

"Akalipeleka wapi?"

"Sikuuliza."

"Hukuuliza, mama?"

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sakafu inang'aa, kila mtu amevaa nyeupe, wanasema Kiingereza. Ningeuliza nini?" Akaweka mwiko chini. "Bibi yako wa Muleba ndiye aliyeniuliza. Mpaka leo ananiuliza."

Benadetha aliijua habari hiyo upande wake. Krismasi mbili alizokwenda Muleba, bibi aliwazungusha wajukuu kibanjani, huu mgomba wa fulani, huu wa fulani, na binamu zake wakasimama kila mmoja kando ya wa kwake wakijipima urefu. Ilipofika zamu yake bibi alicheka. "Wewe wa kwako uko mjini," alisema, "atakuonyesha baba yako." Watoto wakacheka pia, na yeye akacheka, kwa kuwa hakujua kilichochekesha.

Alhamisi Apolinary aliomba ruhusa ya nusu siku, akaenda shuleni na sare yake ya kazi. Mwalimu Mutalemwa, mwalimu mkuu, alikuwa shambani, suruali imekunjwa, anahesabu mistari ya migomba kwa fimbo. Machipukizi arobaini na moja yalisimama kwenye mashimo yao, kila moja na kijiti chenye namba. Alikuwa na haki ya kujivuna. Mkaguzi alitarajiwa Jumatatu.

"Ta Apolinary," alisema, "umeniletea barua?"

"Hapana, mwalimu. Leo nimekuja mwenyewe."

"Basi ni habari kubwa. Tarishi akija mikono mitupu."

Wanafunzi waliokuwa karibu wakacheka. Benadetha, aliyekuwa na ndoo ya maji mstari wa tatu, hakucheka. Apolinary akavua kofia.

Njia nzima alikuwa amejipanga. Akisema ukweli, ameiharibu fomu ya binti yake kwa mdomo wake mwenyewe. Asiposema, kesho Ma Alistidia ataiharibu kwa mdomo wake. Akachagua njia ya tatu, na hata alipoanza kuisema aliona kwamba haina mguu wa kusimamia.

"Mwalimu, lile chipukizi la mtoto wangu, namba kumi na saba. Naomba nilichukue. Nitaleta jingine zuri zaidi."

"Hiyo ni mali ya shule sasa. Lina kasoro gani?"

"Lina... nimeambiwa kule lilikotoka kuna fukusi."

Mwalimu Mutalemwa akaacha kuhesabu. Fukusi wa migomba ni mdudu mdogo, lakini akiingia shambani huanzia kwenye shina, chini, mahali usipomwona, na siku unayomwona mgomba umeshalala. Yeye mwenyewe alikuwa amepoteza nusu ya kibanja cha baba yake Ijuganyondo kwa mdudu huyo.

"Fukusi," alisema. "Na umekaa siku nne bila kuniambia."

"Nimejua jana, mwalimu."

"Halitoki hapa. Utalibeba ulipitishe katikati ya mengine, uangushe mayai njia nzima?" Akageuka. "Wewe, na wewe, leteni nyasi kavu na kiberiti. Namba kumi na saba lichimbuliwe, lichomwe papo hapo, na shimo limwagiwe majivu."

"Mwalimu," alisema Apolinary, "hakuna haja ya kuchoma."

"Ta Apolinary, mimi sikufundishi kupeleka barua."

Nyasi zikaletwa. Apolinary alisimama na kofia yake mikononi, akiizungusha kwa ukingo. Benadetha alimtazama baba yake. Alikuwa amemwona akisimama vile mara moja tu, mlangoni kwa mkubwa wake wa kazi, siku barua ilipopotea. Akaweka ndoo chini. Akaenda akasimama juu ya shimo namba kumi na saba, miguu huku na huku, chipukizi katikati.

"Halina fukusi," alisema.

"Toka hapo, Benadetha."

"Halina fukusi, mwalimu. Nililichukua kwa Ma Alistidia. Nilipiga hodi, hakuna aliyeitika, nikachimba. Sikujua kwamba ni la mtoto. Chini yake kulizikwa kondo lake, na sasa mtoto anaumwa, na Ma Alistidia anasema mama yangu ndiye aliyenituma. Likichomwa, atasema hivyo mpaka tuhame."

Aliyeshika kiberiti akakirudisha mfukoni. Wengi wa wanafunzi walikuwa na migomba yao kwao, Kagondo, Ijuganyondo, na hawakuhitaji kuelezwa. Waliokuwa watoto wa mjini tupu walitazamana.

Mwalimu Mutalemwa akasogea shimoni. Aliinama, akapapasa shina la chipukizi kwa kidole, akafuta udongo, akalitazama chini. Safi kabisa, jeupe.

"Lichimbue," alimwambia Benadetha. "Polepole, na udongo wake. Lipeleke lilikotoka."

"Na fomu, mwalimu?" alisema Apolinary. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Fomu ina mstari wa uaminifu. Kesho saa nne napeleka zote wilayani." Hakumtazama. "Mpaka sasa nilichokisikia ni kwamba mtoto amechukua mali ya mtu na baba amenidanganya mbele ya darasa. Huyu hapa amesema ukweli, nimemsikia. Lakini amesema baada ya kuona kiberiti. Mwenye mali hajasema. Kama ana la kusema kuhusu mtoto huyu, aje mwenyewe, kabla ya saa nne. Siyo wewe, Ta Apolinary. Wewe nimeshakusikia."

Walipita barabara kubwa, baba mbele, binti nyuma na chipukizi kichwani, limefungwa pamoja na udongo wake ndani ya sweta ya shule. Karibu na nyumbani Apolinary alipunguza mwendo mpaka wakawa sambamba.

"Nilikuwa nataka kukusaidia," alisema.

"Najua, baba."

Klaudia aliwaona kwa mbali. Hakuuliza. Alijifunga kitenge, akawafuata.

Ma Alistidia alikuwa kibanjani anapogoa. Alipoliona lile sweta alichomeka kisu kwenye shina la mgomba, akasimama. Kando ya jiko alikaa Georgina, mkwewe, msichana wa miaka kumi na minane, mume wake yuko kazini Mwanza. Mwijage alikuwa mapajani mwake, amelala, jasho limemtoka puani.

"Usiliweke chini," Ma Alistidia alimwambia Benadetha. "Mpe baba yako ashike. Wewe chukua jembe."

Benadetha akachimba. Ma Alistidia akamsimamia. Zaidi hapo. Usipige kama unapiga nyoka, kata udongo. Toa jiwe hilo. Apolinary, mtoto wa Muleba, alisimama ameshika chipukizi kifuani kama aliyekabidhiwa mtoto wa watu kanisani, akitamani kusaidia na kujua kwamba hatakiwi. Shimo likatosha. Chipukizi likaingia.

"Mizizi imekatika upande huu," alisema Ma Alistidia. "Lakini litashika. Nshakala haina makuu." Akalikandamiza kwa kisigino. "Na mtu akitaka chipukizi, mwanangu, anamsubiri mwenye nalo. Hata kama ni mpaka jioni."

"Nilipiga hodi, bibi."

"Wote husema hivyo."

"Alipiga, mama," alisema Georgina.

Ma Alistidia akageuka. Georgina alikuwa anamwangalia mtoto, hakuinua uso.

"Alipiga mara tatu. Nilimsikia. Nilikuwa nanyonyesha, mtoto ndiyo kwanza ameshika, usiku kucha alikuwa analia. Nilichoka kuitika. Nikasema ataondoka."

"Usiku kucha alikuwa analia," Klaudia alirudia polepole. "Usiku wa Jumamosi."

"Ndiyo. Alianza Ijumaa."

Kila mmoja pale aliweza kuhesabu siku, na chipukizi lilikuwa limeng'olewa Jumapili. Ma Alistidia alichomoa kisu chake kwenye mgomba, akakifuta kwenye jani, upande huu na upande huu. Wiki nzima alikuwa ameisimulia ile habari, bombani, kanisani, kwa muuza samaki, na kila aliposimulia, yule binti alitembea taratibu zaidi.

Klaudia akapiga magoti. Alipiga magoti juu ya majani makavu ya kibanja, kama anavyopiga mkwe mbele ya mama mkwe, mikono juu ya mapaja. Apolinary akageuza uso.

"Ma Alistidia," alisema Klaudia. "Lile neno uliloniambia barazani kwangu, nimelimeza, siji kulidai. Nimekuja kwa jambo moja. Mwalimu anapeleka fomu kesho saa nne. Amesema mwenye mali aende mwenyewe. Neno la baba hataki, na neno la mtoto halitoshi. Nakuomba uende. Sema tu kwamba alipiga hodi na kwamba limerudi. Basi. Hata kukaa hutahitaji kukaa. Mimi nitakusindikiza, na kama hutaki kuonekana na mimi, nitatembea nyuma."

Benadetha alikuwa bado ameshika jembe. Aliwatazama wanawake wawili, mmoja amesimama na mmoja chini, kisha akapiga magoti na yeye, vibaya, kama watoto wa mjini wanavyopiga, goti moja limetangulia jingine.

"Utakwenda, bibi?"

Mwijage akaamka, akalia kidogo, akatulia. Ma Alistidia aliinama, akachota majani makavu kwa mikono miwili, akaanza kulifunika shina la chipukizi, taratibu, upande mmoja. Kisha akahamia upande wa pili, akachota tena, akafunika, akachota tena, ingawa upande huo ulikuwa umeshafunikwa.